Kibaraza Kilichokunywa Maji

Jiko la mama mkwe wangu pale Rumonge lilikuwa na sehemu tatu za kufanyia kazi, kila moja ikidekezwa kwa namna yake. Jiwe la kusagia muhogo lilisuguliwa kwa maji matupu. Ubao wa samaki, uliokatwa kwenye mtumbwi mkongwe, ulitaka mchanga, majivu na ndimu, kisha jua kali. Kibaraza cha udongo kando ya mafiga ndicho kilichokuwa binti mfalme: maji kilikuwa hakitaki hata kuyasikia. Kilifagiliwa taratibu, na kikichakaa kilipakwa upya udongo na mavi ya ng'ombe. Pembeni kilikuwa na alama ya kiganja cha mama mkwe, aliyoipiga siku alipokijenga, akiwa bibi harusi mgeni kutoka Ujiji.

Mimi nilitoka milimani juu ya Kizuka, na tangu niolewe ruhusa yangu ilikuwa kufagia tu. Nikigusa chungu, mama alikohoa. "Mwanangu, jiko iko na mwenyewe." Nilijibu "Ndiyo, mama," lakini nililitamani jiko lile kuliko nguo za Idi.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alinilea arobaini yangu, akinikanda kwa maji ya moto. Usafi wa jiko ukamwangukia mume wangu, seremala. Alikuwa ametoka Usumbura kuwachongea Wadachi, wale Wajerumani, meza bomani, na tangu arudi tulikuwa hatupumui: Wadachi wanakaa hivi, Wadachi wanakula vile.

"Kazi ya jiko iko kidogo sana," alisema. "Kule boma wanamwaga ndoo nzima, wanasugua na burashi, basi."

"Murakoze, asante sana, bwana Mdachi," nikamjibu kutoka kitandani.

Akamwaga. Jiwe halikujali. Ubao ulivumilia. Kibaraza kilikunywa ndoo mbili, kisha kikaketi chini. Nilijikongoja hadi mlangoni nikakuta tope jekundu linatoka jikoni, na mume wangu nyuma yake, burashi mkononi.

Mama alisimama akitazama mahali kilipokuwa kiganja chake. Kicheko nilichokuwa nacho kikaniisha. Nilimhurumia kweli.

"Nenda ulete mavi ya ng'ombe," alimwambia mwanawe. "Na kanzu hiyo hiyo."

Ilikuwa Ijumaa. Alipita katikati ya watu waliotoka kuswali, kikapu kichwani, akiitikia salamu za kila mmoja. Udongo ulipoletwa, mama akamwamuru aukande kila asubuhi mpaka arobaini yangu iishe. Tulipika chini, juu ya mafiga matupu, wala hakutuambia anangoja nini.

Siku nilipotoka, alimpakata mtoto akakaa kwenye kinu. "Jenga," akaniambia. Nilijenga, yeye akikosoa kila kiganja cha udongo. Mwisho nikamwachia pembe yake apige kiganja.

"Piga wewe."

"Mama, hapo ni pako."

"Changu kimekunywa maji ya Wadachi. Piga!"

Nilipiga haraka, alama ikatoka imepinda. Akaitazama, akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kibaraza kilipokauka, nikawasha moto. Nilikuwa nakoroga mboga na mawese niliposikia sauti ya mama mkwe nje ya mlango wa jiko lake mwenyewe.

"Hodi."

Nilichelewa kuitika. Sikujua kwamba wa kusema karibu ni mimi.