Figa la Tatu la Mama Rose

Jiko la Flora, kule Chiwata, lilikuwa na mafiga mawili ya chuma na moja la jiwe, na kila mgeni aliyeingia humo ilibidi aulize. Yale ya chuma yalikuwa meno. Si ya mnyama, ni ya kijiko, ule mtambo wa kuchimbia barabara. Baketi yake, lile bakuli kubwa la kuchotea udongo, huvikwa meno kwa mbele ili udongo na mawe vitafune meno hayo, baketi yenyewe isalimike. Yakiisha, fundi anagonga pini, anatoa la zamani, anavika jipya. Fundi huyo ndiye mumewe, Reginald, na maisha yake yalikuwa hayo, kufuata mitambo popote barabara inapokwenda.

Walikutana Newala, Flora akiwauzia watu wa kambi uji na mihogo ya kuchemsha. Wenzake walikunywa wakaondoka, Reginald akabaki kumweleza habari za meno, kana kwamba kuna msichana aliyewahi kuposwa kwa habari hizo. Ya pembeni yanalika haraka kuliko ya kati, kwa hiyo unayahamisha, ya pembeni yaje kati, yote yazeeke pamoja. Ukichelewa kulitoa jino, udongo unaanza kuila baketi. Ukiwahi, umetupa chuma kizima. "Mimi jino halitoki mpaka libaki hivi," alisema, akionyesha kwa kidole na gumba. Flora alicheka mpaka akamwaga uji. Mwaka haukuisha wakawa wameoana.

Figa la kwanza lilitoka kwenye kazi ile ya Newala, la pili Nanyumbu. Yalilingana kwa kimo, maana aliyeyachagua alikuwa na jicho, na sufuria ilitulia juu yake, jiwe likisaidia upande wa tatu. "La tatu nitalileta mwenyewe," Reginald aliapa siku aliyoondoka kwenda Tunduru. "Na nikilileta, kambi basi. Nafungua karakana Lisekese, nachomelea mageti na baiskeli, jioni nalala kwangu."

Tangu siku hiyo mikorosho ilichanua, korosho zikaokotwa, mikorosho ikachanua tena. Flora, aliyebaki nyumbani na binti yao Rose, hakuwa mtu wa kulialia. Ila akiwa jikoni mkono ulimwendea wenyewe kwenye lile jiwe. Alimtamani mumewe. Alitamani hata ile harufu ya grisi aliyoilalamikia kila siku, na kumsikia akigombana na redio kama redio inasikia. Kambini hakukuwa na mtandao. Kila Jumapili Reginald alipanda juu ya kifusi kuutafuta, na Jumapili moja aliupata kidogo, akapiga.

"Mama Rose, kuna mzigo wako unakuja na basi."

"Na wewe je?"

Simu ikakatika.

Siku ya nne yake, Nurdin wa bodaboda aliingia uani na gunia nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo, Mama Rose."

"Marahaba, baba. Umebeba nini hicho?"

"Hata sijui. Nimekabidhiwa stendi Masasi. Konda anasema lilimdondokea, nusura limvunje mguu."

Ndani ya gunia mlikuwa na jino. Flora alilitazama, kisha akatazama nyuma ya Nurdin, njiani, kana kwamba aliyelituma angeweza kuwa anakuja kwa miguu. Njiani palikuwa na mbuzi wa jirani tu.

Hata hivyo alilibeba hadi jikoni. Akaling'oa jiwe, akalisimamisha jino mahali pake, akabandika maharage. Sufuria ikalala upande, mchuzi ukamiminika motoni, majivu yakaruka jiko zima. Figa jipya lilikuwa refu kuliko wenzake.

"Mama, si tulichimbie kidogo?" alisema Rose. "Litalingana tu."

Flora akachukua jembe. Alikuwa ameshaliinua alipoliangalia lile jino vizuri, akaliweka jembe chini. Ncha yake ilikuwa bado nene. Lilikuwa na kazi ya wiki nyingi mbele yake. Chuma kizima! Reginald, aliyewahi kumnunia mwenzake kutwa nzima kwa kutoa jino mapema, amelitoa hili kabla ya wakati wake, kwa mkono wake mwenyewe.

Kwanza alikasirika. Baadaye akaketi kwenye kigoda, akacheka peke yake, machozi yakamtoka. Kumbe na yeye kule ameshindwa kungoja.

Asubuhi alimwita Nurdin. Jino lilikuwa limefungwa tena, safari hii ndani ya kanga.

"Mpe konda alirudishe kwa mwenyewe."

"Linarudi? Nimwambieje?"

"Mwambie limezidi urefu, linanimwagia mboga. Mimi silichimbii. Alilete yeye, aje alichimbie hapa kwa mkono wake."

Nurdin akalifunga nyuma, akaondoka akitikisa kichwa. Flora alirudisha jiwe mahali pake na kuwasha moto.

"Mama," Rose aliita kutoka chumbani, "ile kanga yako ya harusi iko wapi?"

"Imekwenda Tunduru."

"Na itarudi?"

Flora aliinama akapuliza moto. Alitaka kujibu ndiyo, akaona hajui, na bado hakujuta kuitoa.