Kamaimai ya Biteti

Nei Rotia amewanywesha dawa watoto wa kijiji chetu tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto, na hakuna aliyemtoa jasho kama Biteti. Kifua kikuu kilimkausha akabaki mbavu na macho. Kidonge kilipondwa, kikakorogwa kwa maji, naye akakitema kwenye gauni la Nei Rotia. Asipomeza angekufa, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa yeye.

Nei Rotia si mtu wa kushindwa na ulimi wa mtoto. Alichukua tembo tamu la asubuhi kwa mumewe, mgema, akalipika mpaka likawa kamaimai, asali nyeusi nzito, akauzika uchungu wa dawa humo. Biteti alilamba kijiko, akalamba na vidole. Tangu hapo akawa anaachiwa kikombe chake nyumbani kila asubuhi.

Lakini mtoto akazidi kukonda. Asubuhi moja Nei Rotia aliniita twende tukaone. Tulimkuta Biteti uani na binamu zake, kikombe kinazunguka, kila mmoja anachovya kidole.

“Waliniomba, bibi,” Biteti akasema.

Nilitaka kuwachapa wote, na mama yao nimwongezee. Kwetu ndugu akikuomba kitu, humnyimi. Aibu ya kumnyima haifutiki. Yule mtoto alikuwa amelelewa vizuri, na malezi hayohayo ndiyo yaliyokuwa yanamuua. Nilipolifikiria hilo hasira ziliniisha, nikabaki na hofu tu.

Nei Rotia akaketi mkekani kati yao.

“Na mimi si ndugu yenu?”

Wakakubali kuwa ni ndugu yao.

“Basi naomba. Nipeni kamaimai ya Biteti. Yote. Ya leo na ya kila siku, mpaka apone.”

Wakatazamana. Yule mkubwa, asali imemganda kidevuni, akamsogezea kikombe. “Chukua, bibi. Ila una roho mbaya.”

“Ninayo,” akajibu, huku akiongeza dawa nyingine kikombeni. Kisha akamgeukia Biteti. “Na wewe nakuomba, mjukuu wangu. Nimezee hii. Usimpe mtu.”

Binamu zake wakameza mate, na Biteti akameza dawa, na kila asubuhi iliyofuata akaimeza, kwa sababu aliombwa.