Muuzaji anayewaambia wateja, "Subiri kwanza"

Saa nne asubuhi, na msichana mmoja ameshika kichupa kama aliyeokota dhahabu. Amesimama mbele ya rafu ya vipodozi katika duka kubwa la kujihudumia, kati ya dawa za meno na nepi za watoto. Mkoba ameshaufungua.

"Subiri kwanza, mdogo wangu," anasema mwanamke mwenye aproni ya kijani. "Hiki umewahi kukitumia?"

"Bado. Nimekiona kwenye simu."

"Kina asidi kali. Kazi yako ni ya ndani au ya juani?"

Msichana anacheka kwa aibu. Anauza vocha kando ya barabara, kutwa nzima. Mwanamke anakichukua kichupa taratibu, anakirudisha mahali pake, kisha anampa krimu ya kukinga jua ambayo bei yake haifiki robo ya kile.

"Anza na hii. Chunusi zisipopungua, nenda hospitali wakuangalie. Hicho hakikimbii."

Wenzake humwita Dada Subiri. "Huyu ukimpa sumu ya panya auze," anatania keshia, "atamwambia panya asome karatasi kwanza."

Yeye hutabasamu tu. Chanzo cha jina hilo si cha kuchekesha.

Ana miaka arobaini na mmoja na watoto wawili. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu wa kliniki ya ngozi: kutandika vitanda, kufua taulo, kumshikia daktari taa. Vichupa kama hivi vilikaa kabatini, na ufunguo aliushika daktari mwenyewe.

"Hakuna aliyekwenda navyo nyumbani," anakumbuka. "Daktari alimpaka mgonjwa kwa mkono wake, jicho kwenye saa ya ukutani. Dakika tatu zikitimia, anaosha."

Baadaye wasambazaji wakaanza kuvipeleka madukani. Watu wakaona ya nini kumlipa daktari kwa kitu kinachopatikana kando ya sabuni. Kliniki ikapunguza wafanyakazi, naye akawamo. Duka likamchukua kwa sababu vichupa vile alivijua kimoja kimoja.

Na alivichangamkia. Mshahara ni mdogo. Kinachoujazia ni kamisheni. Mwaka wa kwanza aliongoza kwa mauzo, picha yake ikabandikwa mlangoni.

Ndipo ikaja Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, duka limefurika. Mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, alimuuliza kama kichupa kile kinaondoa madoa.

"Nikamjibu, 'Kinaondoa, mama, hata kliniki wanakitumia.' Akauliza kinapakwaje. Nyuma yake walisimama watu sita. Nikamwambia maelekezo yamo ndani."

Yalikuwemo kweli, kwa lugha mbili za kigeni ambazo mwalimu hazijui, herufi ndogo kama chembe za chumvi. Akakipaka kama losheni, akalala nacho hadi asubuhi.

Siku ya tisa alirudi, amejitanda mtandio hadi machoni. Hakupiga kelele. Alikiweka kichupa juu ya kaunta, akaushusha mtandio. Shavu la kushoto lilikuwa bichi, limechunika.

"Alisema, 'Nilikuuliza, dada.' Basi. Angenitukana ningepata pa kushika."

Siku hiyohiyo aliomba ruhusa, akampeleka kwa daktari wake wa zamani. Kwa miezi mitano alimsindikiza kila Alhamisi kabla ya zamu. Kidonda kilifunga, likabaki doa jeusi, kubwa kuliko yale aliyotaka kuyaondoa.

"Kusamehe nimemsamehe," anasema mwalimu. "Kusahau siwezi, maana kioo kiko ukutani."

Tangu hapo Dada Subiri hamuuzii mtu kabla ya kumuuliza. Mauzo yakaporomoka, meneja akamwita ofisini.

"Hapa ni dukani, si kliniki. Kazi yako ni kuuza."

"Nauza, bosi. Ninachokataa ni kuunguza watu."

"Mteja ana akili zake."

"Hata mwalimu alikuwa nazo. Ndiyo maana aliuliza."

Alitoka na barua ya onyo. Picha ikabanduliwa. Kamisheni ilishuka chini ya nusu, na binti yake mkubwa ikabidi atolewe shule ya bweni, aingie ya kutwa.

"Hilo liliniuma kuliko onyo. Nilimweleza sababu yote. Akasema, 'Sawa, mama. Nitatembea.'"

Si wateja wote wanaomshukuru. Wapo wanaomsonya na kuvuka barabara kwenda duka la pili, ambako hakuna anayeuliza kitu. "Siwezi kuwafuata," anasema, akipanga upya chupa ambazo tayari zimepangika.

Mwaka huu yeye na mwalimu walikaa Jumapili mbili mezani, daktari akiwasahihisha, wakaandika maelekezo ya Kiswahili yanayotosha ukurasa mmoja: nani asitumie, dakika ngapi, lini kukimbilia hospitali. Meneja alikataa yasibandikwe bila idhini ya msambazaji. Hivyo wakamwandikia msambazaji, wakiomba yachapwe kwenye kila boksi.

Miezi minne imepita, kimya. Barua ya pili imo mfukoni mwa aproni, imeshabandikwa stempu. Ataipeleka posta saa ya mapumziko.

Na wasipojibu hii?

"Nitaandika ya tatu," anasema, kisha anamgeukia mama mmoja aliyeinua kichupa na kukisogeza karibu na macho, akijaribu kusoma.