Waya wa Masi

Mafundi wa simu wamejipanga nje ya soko la Rumonge, kila mmoja na kimeza chake na mwavuli wake, nami nikipita pale huwa nabana pumzi. Wajukuu wangu hunicheka, wanadhani bibi anaogopa simu. Siogopi simu. Naikimbia harufu ya lehemu, ile risasi laini inayoyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto na kutoa kimoshi chembamba. Ikinifika puani, shavu langu la kulia linapata moto. Sisemi kwa mapambo, linapata moto kweli, na kwa kuwa umekaa kunisikiliza nitakueleza sababu.

Baba yangu, Fundi Ramazani, alitengeneza maboti ya wavuvi uani kwetu, mtaa wa Waswahili, mbali kidogo na ziwa. Huo umbali ndio uliozaa mambo yote. Boti lililetwa nyumbani likiwa bovu na kurudishwa majini likiwa zima, na kwa kazi hiyo baba alikuwa na tela la chuma. Sisi tuliliita rimoroki. Alilipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago wakati wa Uhuru, ambaye alilitumia kubebea boti lake la kustarehe siku za Jumapili. Baba alilifunga nyuma ya kamyoneti yake kuukuu, akalitwika maboti mazito ya mbao, nalo likavumilia.

Shida ilikuwa kurudi nyuma. Boti haliingizwi majini kwa mbele. Tela ndilo linalotangulia, gari likilisukuma kinyumenyume mpaka maji yafike magurudumuni. Mchana kila mtu ni hodari wa kurudi nyuma. Lakini wavuvi wa ndagala, dagaa wa kwetu, huvua usiku wa giza kwa mwanga wa karabai, na subira hawana. Boti likikamilika magharibi wanalitaka majini usiku uleule, kabla mwezi haujakua ukawaharibia kazi. Basi baba akawa anarudi nyuma gizani, kichwa nje ya dirisha, watu wakimpigia kelele za kushoto na kulia, kila mmoja na kushoto kwake. Siku moja akapanda juu ya kibanda cha kuku cha jirani yetu, Mwalimu Fabiano.

Huyu alikuwa mwalimu wangu wa shule, mtu mrefu, mpole, Mkatoliki ambaye hakukosa kutuletea ndizi kila Idi. Alitoka na taa ya chemli mkononi, akayatazama manyoya, akalitazama gari.

“Fundi,” alisema, “hii gari yako iko na macho mbele tu. Uiwekee ingine kwa matako.”

Watu walicheka mpaka wakashika miti. Baba naye alicheka, na baadaye akamjengea mwalimu kibanda ambacho mama alisema ni kizuri kuliko nyumba yetu. Lakini lile neno lilikuwa limemwingia.

Taa mbili za kufunga nyuma ya tela alizitoa kwenye lori lililokufa kule Kizuka, kwenye mashamba ya michikichi. Kwa siku kadhaa uani kukanuka lehemu badala ya lami na mawese. Baba hakuwa na mtoto wa kiume wala hakuonekana kumtafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika waya. Alipenda kueleza kila anachofanya, na kwa kuwa mama alikuwa akisinzia kila akielezwa, maelezo yote yaliniangukia mimi.

“Umeme iko kama mutu, Zaina,” aliniambia. “Ikienda, lazima ipate njia ya kurudi kwao. Ile njia ya kurudi ndiyo masi. Bila masi, hata uweke taa za Bujumbura nzima, haziwake.”

Waya wa masi ulitoka kwenye chuma cha tela hadi kwenye chuma cha gari. Kila dereva wa njia ya Bujumbura alijua kwamba ugonjwa wa rimoroki ni masi: taa zikizimika, usitafute kwingine. Kwa hiyo baba aliufunga kwa uangalifu mkubwa. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi. Pale gari na tela vinapoungana, aliuacha waya ukining'inia.

“Uache nafasi,” alisema. “Gari ikikunja, waya inavutika. Ukiifunga fupi, inachomoka.”

Akanipa nipime mwenyewe. Nilinyoosha mkono, na urefu kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole ndio ukawa ile nafasi.

Siku ya kwanza alipozijaribu, ufuo wote ulitoka kutazama. Boti lilishuka taratibu, mchanga ukiwa mweupe nyuma ya tela, na watoto wakicheza ndani ya ule mwanga mpaka wakafukuzwa. Mwalimu Fabiano alipiga makofi. Mimi nilitembea kifua mbele majuma mazima nikimwambia kila mwenye masikio kwamba masi ile niliipima mimi. Sifa zake zilifika hadi Minago, na wakati ule nilidhani sifa ni kitu kizuri.

Kisha ukatufika mwaka wa sabini na mbili. Wanaoujua hawahitaji nieleze, na wasioujua siwezi kuwaeleza wote kwa mara moja. Watu wenye silaha walituingilia, wakaua. Jeshi likaja kuwafukuza, nalo likaua, na likaendelea kuua hata watu ambao hawakuwahi kushika kitu zaidi ya chaki. Mwalimu Fabiano alichukuliwa darasani, mchana, sisi tukiwa kwenye madawati. Aliweka chaki mezani, akajipangusa mikono, akatoka nao. Tuliendelea kukaa, kwa sababu hakuna aliyetuambia twende nyumbani.

Karabai zilikatazwa na ziwa likawa jeusi. Mwanamume akiondoka na wanajeshi, mkewe hakuulizwa tena habari zake. Hivyo dereva wa jeshi aliposimamisha gari mlangoni kwetu jioni moja, mama alikaa chini palepale aliposimama.

“Ni wewe fundi wa taa?” dereva alimwuliza baba. Hakuwa na ukali, alikuwa na uchovu. “Lori yetu imekwama. Wanasema rimoroki yako inaweza kurudi nyuma usiku.”

“Inaweza, shefu.”

“Basi weka mbao juu yake. Na utaiendesha mwenyewe.”

“Anaenda kubeba nini?” mama aliuliza.

Baba aliomba muda kidogo akague waya. Dereva akakubali, akaenda kuomba maji kwa jirani. Nilisikia harufu ya lehemu, nikatoka mbio kumshikia baba kama kawaida yangu. Alikuwa ameinama pale gari na tela vinapoungana. Hakuniruhusu kukaribia. “Nenda kwa mama yako,” alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kunifundisha. Nikajua anaziimarisha taa ili wanajeshi waone kazi nzuri wamwachie. Niliingia ndani nikiwa na matumaini makubwa kuliko ya mama.

Alirudi karibu na alfajiri, kwa miguu. Uso ulikuwa umevimba na vidole viwili vya mkono wa kulia vilielekea pasipo pake. Mama alimshika, akamshika tena, kana kwamba mara ya kwanza haikutosha.

“Taa zilikatika,” baba alisema.

Kulipokucha walileta gari lake, na tela nyuma yake. Yule dereva alishuka, na mkubwa wake akabaki kwenye gari la jipu, mlango wazi, akisikiliza. Majirani walisimama mbali, kwa namna watu walivyosimama siku zile, nusu mwili nje na nusu ndani.

Dereva aliushika waya wa masi. “Fundi, hii waya iko fupi. Ikinyooka, taa zinawaka. Tulipokunja tu ili turudi nyuma, ikachomoka. Nani anafunga waya hivi?”

“Ni mimi, shefu. Nilifanya haraka. Masi ya rimoroki unaijua mwenyewe.”

Dereva alitikisa kichwa, akasema masi huwasumbua wote. Mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimesimama kando, nikisikia baba yangu, ambaye hakuwahi kufanya kazi kwa haraka maisha yake yote, akijitukana mbele ya mtaa mzima. Sikuweza kuvumilia.

“Hapana, baba,” nilisema. “Uliacha nafasi. Nilipima mimi.” Nikanyoosha mkono wangu ili waone urefu.

Kofi lilinipata kabla sijaushusha. Baba hakuwa amewahi kunipiga, na alinipiga kwa mkono wake mzima, kwa nguvu zake zote, nikaanguka.

“Mutoto huyu ni muongo,” aliwaambia. “Anapenda kujisifu. Hajawahi kushika waya.”

Mtu mmoja alicheka, cheko la kutaka tu mambo yapite. Yule mkubwa alinitazama kwa muda nikiwa chini, akamtazama baba, akatazama vidole vyake. “Fundi mubaya, na mutoto mubaya,” alisema. Wakaondoka na gari na tela, na hatukuviona tena.

Mji ulimpa baba jina la Fundi Masi, na kazi za umeme zikaisha. Akabaki na mbao zake. Alilibeba lile jina bila kujibu, na mimi nikambebea kinyongo. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, na ndani yangu alikuwamo bado mtoto aliyeitwa mwongo na mtu aliyemwamini kuliko wote. Nilimpikia, nilimwosha alipokuwa mgonjwa, ila kumsamehe sikuweza. Alilijua hilo. Hakuomba msamaha.

Kwenye matanga yake akaja mzee kutoka Kigoma, mrefu, akitembelea fimbo. Sikumtambua mpaka aliponiita jina langu kama alivyoliita darasani. Tulikaa kando, nikamletea chai, na kikombe kikapoa mkononi mwake.

“Tulikuwa tumelala juu ya zile mbao, tumefungwa wawili wawili,” Mwalimu Fabiano alisema. “Gari ilipokunja, taa zikazima. Ikawa giza kabisa. Mimi na mwenzangu tukajibingirisha, tukaanguka kwenye matete. Baba yako alikuwa anapiga kelele, ‘Masi, shefu, iko masi, naitafuta.’ Walikuwa wanamupiga na yeye anasema bado anaitafuta. Aliitafuta sana, Zaina. Na ni yeye alijua iko wapi.”

“Halafu?”

“Halafu taa zikawaka tena.”

Sikuuliza waliobaki juu ya mbao walikuwa wangapi. Baba alikuwa amewaona wote katika ule mwanga, kwa taa alizozifunga mwenyewe, akarudi nyuma nao hadi mahali pa kuuawa, kama alivyoamriwa, kisha akaishi nasi miaka yote ile akichonga mbao na kula chakula nilichompikia kwa kinyongo.

Usiku ule sikulala. Nilikaa jikoni nikilipapasa shavu, nikimwona tena baba amesimama mbele ya jipu, na mimi nimenyoosha mkono. Waya ulipimwa mrefu na sasa ulikuwa mfupi, kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyeukata. Yule mkubwa angeniamini kwa dakika moja tu, baba angeuawa palepale. Pale uani palijaa watu wazima, na aliyesema kweli nilikuwa mimi peke yangu.