Asiyesalimu Awekwe Wapi

Siku ya Jumatano, kabla ya saa nne asubuhi, programu ya mwanafunzi wangu ilimfisha fundi wa injini za boti ambaye alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu, gunia la chumvi begani. Ilimfisha kwa maandishi tu, kwenye kioo cha kompyuta chenye ufa pembeni, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kucheka. Lakini zilikuwa zimebaki siku mbili niamue kama mradi wa yule msichana upelekwe mbele au ukataliwe.

Nianze nyuma kidogo. Zamani, upande wa Congo, nilikuwa nikisoma habari redioni. Sasa naishi Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, na naandika programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua, kuzifungua na kuzirekebisha bila kuomba ruhusa. Kila mwaka mpango mmoja wa mbali huwapa wanafunzi wiki kumi na mbili za kujenga kitu chini ya mwangalizi. Mwangalizi hupokea pendekezo pamoja na fomu, na swali zito kwenye fomu ni la upeo: kazi hii ni ndogo mno, inatosha, au ni kubwa mno kwa muda uliopo? Ukijaza kubwa mno, pendekezo halisomwi tena; ukijaza inatosha, mpango wenyewe hulisoma na kuamua.

Msichana huyu anaishi Mantapala, makazi ya wakimbizi karibu na hapa, na mama yake mdogo, na anasoma kompyuta kwa njia ya posta na simu. Alikuwa ameomba mara mbili kwa waangalizi wengine, na mara zote mbili alijibiwa kwamba kazi yake ni kubwa mno. Mwaka huu anahitimu, na mpango haupokei waliohitimu. Kwa hiyo hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Alitaka kujenga maktaba ya programu ya kuchanganua ujumbe wa simu unaotoka Kilwa, hii ya ng'ambo ya ziwa letu, si ile ya pwani. Katika kambi ya wavuvi anakonunua samaki mama yake mdogo, mtandao hukamata mahali pamoja tu, juu ya miamba. Mtu mmoja hupanda na simu, wengine hupanga foleni nyuma yake, kila mmoja anasema lake, naye anaandika yote mfululizo bila nukta wala aya. Ujumbe huo mmoja hutumwa kwa mama mdogo, ambaye huusoma kwa sauti ufukweni Nchelenge ili kila mwenye lake alisikie. Msichana alitaka mashine iukate ujumbe vipande, ijue nani kasema nini. Alitaka ifanye hivyo kwa Kiswahili chetu, Kibemba na Kifaransa, na itambue mizigo, maombi, hali ya ziwa, na salamu.

Nililisoma pendekezo mara mbili na kalamu nyekundu. Cha kwanza kukata kilikuwa salamu. Nilifikiri kama msoma habari: salamu ni hewa, mzigo ndio habari.

Jumanne alikuja na lori la mihogo, akakaa barazani kwangu na kufungua zile karatasi.

“Yaya,” akaniita, kama tunavyomwita mkubwa wetu, “umekata salamu.”

“Nimezikata ili upite, mdogo wangu. Wiki kumi na mbili si mwaka.”

“Bon. Kata Kifaransa. Kata Kibemba. Hata samaki, kata. Salamu uache.”

“Salamu zinamsaidia nani?”

Alizipanga karatasi upya, akazilaza magotini. “Kesho ukuye ku maji. Utasikia.”

Nilikwenda ufukweni. Mama yake mdogo alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, miwani imefungwa uzi, simu ameishika mbali na uso kama mtu anayeogopa itamng'ata. Watu walikuwa wakipakia, wakibishana, wakifunga chisense, wale samaki wadogo wakavu, kwenye magunia. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Kisha akasoma: “Mwapoleni bote, ni mama ya mapacha.” Mwanamume mmoja akaacha kamba aliyokuwa akiifunga, akajibu “Eya mukwai” kana kwamba huyo mama yupo, akasogea. Maneno yake yalipoisha, alirudi kwenye kamba. “Jambo kwa bote, ni muvuvi wa mutumbwi ya bluu.” Wawili wengine wakaitikia, wakasogea. Ndivyo ilivyokwenda. Bibi mmoja hakuwa na mzigo wala ombi. Alikuwa ametuma salamu peke yake, na mjukuu wake aliitikia, akatabasamu, akaendelea kubeba ndoo.

Msichana alinigeukia. Niliona nilichokuwa nimekata: salamu ndiyo uzio kati ya mtu na mtu. Ukiung'oa, mifugo yote inachanganyika.

Ndipo ujumbe wa pili ulipoingia, msichana akaomba ausome yeye kutoka kwenye kompyuta, nione mashine aliyoanza kuijenga inavyokata. Alisoma kwa fahari, akianza na mke wa yule fundi wa injini. “Bibi ya fundi. Anasalimia bote. Anatuma magunia tatu ya chisense. Anaomba mafuta ya injini. Baba ya batoto ametuacha jana, mukuye na mihogo.”

Wote walimgeukia fundi, naye akashusha gunia polepole.

“Kumbe nilikufa jana,” akasema. “Njo maana mugongo inaniuma.”

“Umekufa na deni la kusalimia mukwe wako,” mtu akamjibu, na kicheko kikapita.

Mama mdogo hakucheka. Alichukua simu yake, akasogeza miwani, akasoma midomo ikicheza bila sauti. “Hapa iko mutu mwingine,” akasema. “Bibi ya fundi anaishia ku mafuta. Mutu mwenye kilio hasalimie.”

Kicheko kilikatika. Mtu akavua kofia. Fundi akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, ni nani basi. Mama mdogo hakujua. Asiyesalimu hajitaji pia. Tuliambiwa saa nane, mtumbwi ulipofika: alikuwa mzee aliyekuwa akishona nyavu za kambi nzima. Fundi aliondoka na mtumbwi uleule ulipokuwa ukirudi, akiwa na mihogo.

Msichana alikuwa amefunga kompyuta. “Sasa utaandika kubwa mno,” akaniambia.

“Niambie kwanza. Mashine ingetakiwa kusema nini pale?”

Alichora mchangani kwa kidole cha mguu. “Iseme tu: hapa iko mutu mwingine, simujue. Ikuwe na nafasi yake. Asipewe jina ya mutu mwingine.”

Alhamisi asubuhi tulikaa barazani tukapunguza. Tulibakiza lugha moja, Kiswahili chetu. Tulibakiza kazi moja: kuona mtu anapoishia na mwingine anapoanzia. Magunia, mafuta, hali ya ziwa, yote yalitoka, naye aliyafuta mwenyewe. Nilimwona akisita kwenye hali ya ziwa. Kaka yake huvuka kila wiki. Akaifuta. Salamu zilibaki, na chini yake tukaandika kipengele kipya cha asiyejulikana. Nilijaza: inatosha. Ijumaa, kabla ya adhuhuri, nilituma.

Kabla sijatuma alimpigia mama yake mdogo simu, amsomee kipengele kile. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho.

“Na hawa batoto ba siku hizi?” akauliza. “Hawasalimie mutu hata kama hakuna kilio. Utaweka bote ku kilio?”

Msichana alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliandika jaribio dogo la kuipima programu: ujumbe wa mfanyabiashara, na katikati yake kijana mwenye haraka anayedai vocha bila salamu. Mashine ilidhani anayedai vocha ni yule mfanyabiashara. Alirekebisha, ikamweka kijana kando, lakini safari hii ikakata pia watu ambao walikuwa bado hawajamaliza kusema.

Ni wiki ya tatu sasa tangu nitume. Mpango haujajibu. Jana alinitumia orodha ya majaribio yake. Yote yanapita isipokuwa lile la kijana wa vocha.