Mkono Nyuma ya Siti

Adventina alikuwa mtu wa kuuliza. Darasa la pili alimuuliza padri kama samaki nao huzama, akatolewa nje ya mafundisho. Kidato cha nne, katika shule ya kata kule Murusagamba, wilaya ya Ngara, alitaka kujua kama miguu iliyochoshwa na maji inaweza bado kukanyaga pedeli. Swali hilo ndilo lililomponza. Mwaka huo yalitangazwa mashindano ya vijana huko Kaniha, upande wa Biharamulo: unaogelea bwawani, unatoka unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, yote asubuhi moja. Waandaaji waliyaita triathloni. Nyumbani kwao waliyaita wazimu.

Wasichana wawili wa kwanza wangekwenda kambini Mwanza mwezi Desemba, wakafundishwe na makocha wa kweli. Adventina hakuwahi hata kumwona kocha wa kuogelea. Alijifunzia kwenye bwawa la samaki la parokia, mapigo kumi na mawili kwenda, kumi na mawili kurudi, perege wakimtekenya miguu. Nafasi ile aliitaka kuliko kitu chochote.

Tatizo ni kwamba mashindano yalikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa hisabati.

"Shikamoo, mwalimu," alimwambia mkuu wa shule, Mwalimu Felisita.

"Marahaba. Najua ulichofuata. Nenda. Lakini Jumatatu saa mbili nikikukosa kwenye dawati, hiyo baiskeli utaipanda tena ukiwa bibi."

Basi akaandika kanuni za hisabati kwenye kipande cha boksi, akakifunga kwenye usukani wa baiskeli ya baba yake, mzee Projestus, ile ya kubebea ndizi. Alfajiri alipanda mlima akikariri duara, akateremka akikariri pembetatu. Siku ya gulio alimsaidia baba kupandisha mikungu. Kwao kilima hakimhusu mtu mmoja. Ukimkuta mwenzako amekwama na mzigo, hata kama humjui, humpiti. Unaweka mkono nyuma ya siti yake, unasukuma hadi juu, mnaachana. Hakuna anayeomba, na hakuna anayeshukuru sana.

Kaniha alitoka majini wa tano, meno yakigongana. Wenzake walikuwa na baiskeli za gia. Yeye alikuwa na chuma cha baba, ila mapaja yake yalishazoea mikungu minne, na siku hiyo hapakuwa na hata mmoja. Akampita msichana mmoja, akampita mwingine. Kwenye kilima cha mwisho alikuwa wa tatu, na mbele yake, hatua chache tu, alimwona Esperansia wa Biharamulo mjini akikokota baiskeli, cheni imeruka, anahema. Mbio za miguu hazikumtisha; kumpita Esperansia ilikuwa ni kwenda Mwanza.

Adventina akamfikia, akashuka. Mkono mmoja akashika usukani wake, wa pili akauweka nyuma ya siti ya Esperansia, akasukuma. Hakuwaza kitu. Kama angewaza, angepita. Kule juu alimrudishia cheni, wakacheka kidogo, wakateremka pamoja.

Chini mwamuzi alikuwa anawasubiri. Asubuhi ile sheria ilikuwa imesomwa: mshindani hamsukumi mwenzake. Adventina aliisikia vizuri kabisa, ila hakudhani inahusu kilima. Aliyesukuma na aliyesukumwa, wote wawili wakafutiwa matokeo kabla hata ya kukimbia.

"Ungenipita tu!" Esperansia alilia. "Nani alikuomba?"

Swali hilo Adventina akaondoka nalo. Ndani ya basi la kurudi Ngara alilichunguza pande zote. Hivi mkono wake ungekubali kupita? Na yeye kukosa Mwanza, haya, alijitakia. Yule mtoto wa watu alikosea nini? Alipofika hapo akalia mpaka kondakta akamwonea huruma.

Jumatatu saa mbili kasoro alikuwa kwenye dawati. Katikati ya mtihani, Restuta, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aligonga kiti cha Adventina kwa mguu. Swali la saba, alinong'ona. Adventina alilijua, lilikuwa kwenye lile boksi la usukani, mstari wa juu. Mkono ukamwasha, ule ule. Akamwangalia msimamizi, akamkumbuka Esperansia. Akaukalia mkono wa kushoto, akaendelea kuandika kwa wa kulia. Restuta alitoka bila kumuaga, na siku mbili hakumsemesha. Iliuma kuliko Kaniha.

Siku ya gulio Adventina alikuwa anarudi na baiskeli tupu. Kwenye kona ya kilima alimkuta Restuta amekwama na baiskeli yenye gunia la maharage la mama yake. Akaweka mkono nyuma ya siti.

"Leo hakuna mwamuzi?" Restuta aliuliza bila kugeuka.

"Hapa hakuna."

Wakasukuma. Gunia lilikuwa zito kweli.

"Lile la saba," Restuta akasema hatimaye, "lilikuwa eneo la duara?"

"Eneo la duara. Nusu kipenyo mara nusu kipenyo, halafu mara pai."

"Basi nilikosa."

"Novemba, mtihani wa taifa, hutakosa. Rudia: nusu kipenyo..."

Restuta akarudia. Walipofika juu alikuwa ameirudia kanuni mara tisa, na mara ya mwisho hakusaidiwa.