Msomaji wa Habari Aliyeuliza Kama Wenyewe Wamejua

Jumanne iliyopita, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya mkate hapa mtaani kwetu Saint-Gilles, Brussels, simu ilipoita kutoka Uingereza. Aliyepiga alikuwa mtoto wa mzee mmoja wa mtaa wa Koekelberg ambaye nimewahi kumgusia katika safu hii bila kumtaja jina, na leo pia sitamtaja. Mzee alikuwa amelazwa tangu Jumapili kwa ajili ya kifua, na sote tulitarajia arudi nyumbani mwisho wa wiki. Alfajiri ile alifariki. Kwa miaka mingi alikuwa msomaji wa habari wa televisheni ya kwao Uingereza, uso ulioingia sebuleni mwa watu kila jioni, kabla hajastaafu na kumfuata mkewe Mbelgiji, sasa marehemu, hapa Brussels, ambako hakuna aliyegeuka kumtazama mtaani. Mtoto wake alinieleza mambo matatu kwa utaratibu. Baba amekufa. Kituo alichokifanyia kazi kitatangaza saa sita mchana, kwa saa za huku. Na yule mama aliyemhudumia baba kwa miaka sita hajui, kwa sababu Jumanne huwa kwa mgonjwa mwingine. Mtoto mwenyewe hana Kifaransa, na mama hana Kiingereza. Aliniomba niende mimi, ili mama asiisome habari ile kwenye simu.

Nilitoka kwenye foleni bila mkate. Ili msomaji aelewe haraka yangu, lazima niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka minne iliyopita nilikuwa nikisoma habari za Kiswahili kila Jumamosi katika redio ndogo ya jumuiya, chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Siku moja ilitufikia habari ya ajali ya barabarani nchini Burundi, pamoja na majina ya waliofariki. Nilithibitisha kwa watu wawili, nikalihakiki kila jina, nikasoma. Jina la tatu lilikuwa la kaka yake mama yule. Yeye ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na kwa watu wa kwao, kama kwetu Kigoma, habari ya kifo haitupwi. Wazee hukutana kwanza, huchagua wa kwenda, nao huenda wawili au watatu. Mwenye msiba huketishwa, maji huwekwa karibu, ndipo husemwa. Wazee wa Saint-Gilles walikuwa wameshakutana asubuhi ile na kupanga kumfuata akitoka kazini. Mimi, niliyelelewa katika desturi hiyo hiyo, sikuuliza. Nilimfikishia habari kupitia redio ya jikoni, kisu mkononi, vitunguu mbele yake.

Jiko lile lilikuwa la mzee. Kiswahili chake hakikuvuka salamu alizofundishwa na mama, lakini aliniambia baadaye kwamba aliutambua mwendo wa sauti ya mtu anayesoma majina ya wafu. Unafanana katika lugha zote. Alimnyanyua mama kutoka sakafuni, akatafuta namba ya redio, akanipigia. Nilitarajia kufokewa. Aliniuliza tu, taratibu, kila neno na nafasi yake, kama habari niliyosoma ilikuwa ya kweli. Nikajibu ndiyo, nimethibitisha kwa watu wawili.

"Na wenyewe walikuwa wameshajua?"

Nikamwambia sikuuliza.

"Basi ilikuwa ya kweli," akasema, "lakini haikuwa tayari."

Wiki iliyofuata nilikwenda Koekelberg kuomba radhi. Mama alinipa chai, akasema amesamehe kwa kuwa dini inamtaka asamehe, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. "Radio amekuja," alimtangazia mzee kila aliponifungulia mlango. Mzee alicheka, nami nilicheka, na kila mara kicheko changu kilikuwa kifupi kuliko cha mara iliyopita. Hata hivyo nikawa mgeni wa kila baada ya wiki mbili. Ikifika saa kumi na mbili jioni mzee alivaa shati, tai na koti, akaketi mezani na kusoma gazeti kwa sauti, kutoka habari kuu mpaka hali ya hewa, huku mama akikaanga ndizi na kusikiliza lugha asiyoijua. Chini ya meza mzee alibaki na suruali ya kulalia. "Juu waziri, chini mgonjwa," mama alisema. Nilipomtafsiria, mzee alidai kwamba hajapata kusikia maelezo sahihi kama hayo ya kazi yake.

Jioni moja nilimuuliza lile swali la wenyewe alilitoa wapi. Akasema akiwa bado kijana kazini alisoma habari ya helikopta iliyoanguka ikiwapeleka wafanyakazi kwenye mtambo wa mafuta baharini. Hakusoma jina hata moja. Alisoma imeruka kutoka uwanja gani na saa ngapi, na kwa wake wa watu wale hilo lilitosha. Mmoja wao alimwandikia barua. Alisema habari ilimkuta akipiga pasi shati la mumewe, kwamba tangu siku ile hawezi kuutazama uso wa msomaji, na kwamba anaomba radhi kwa hilo, maana anajua kosa si lake. Mzee alisema angetukanwa angelala. Ile radhi ndiyo iliyomkosesha usingizi. Ndipo akaanza kuwauliza wahariri swali lake kabla ya kila taarifa yenye kifo. Siku moja walimjibu kwamba hawajui, naye alipofika kwenye habari ile, akiwa hewani, akairuka na kusoma iliyofuata, wakati vituo vingine vyote vimefungua nayo. Miezi michache baadaye alihamishiwa taarifa ya mchana, ambayo kwa watu wa kazi ile ni kama kutolewa makao makuu ukapelekwa wilaya ya mwisho. Alibaki huko mpaka kustaafu. Nilimuuliza kama alijuta. Nilitaka aseme hapana, ili niandike. Akasema alijuta sana, hasa jioni, alipomwona mwingine amekaa kwenye kiti chake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Jumanne nilipopanda tramu kwenda Berchem-Sainte-Agathe, ambako mama alikuwa akimhudumia bibi mmoja. Katikati ya njia tulisimama kusubiri lori lililokuwa likishusha friji juu ya reli, na dereva wa tramu akatoka nje kutoa ushauri. Simu yangu ikaanza kuingiza ujumbe. Mjukuu wa mzee alikuwa ameweka mtandaoni picha ya babu yake na mshumaa, na mtu mmoja wa kundi letu la simu akaitambua sura. Fundi wetu wa mitambo pale redioni, Mkongomani wa Bukavu, akaniandikia: "Papa, habari ya muzungu wa Koekelberg iko mu groupe. Donc tunaweka ao tunangoja?" Nikamjibu tungoje. "Bote bameisha kuweka. Siye tutakuwa ba mwisho." Nikamjibu tuwe wa mwisho. "Bon," akaandika, yaani sawa, na watu wa kwao wanaweza kukusanya matusi ya kutwa nzima ndani ya neno hilo moja. Nilifikiria kumpigia mama nimwambie asiiguse simu yake. Lakini mtu anayeambiwa asiguse simu ameshaambiwa.

Sina haki ya kuwalaumu wenzangu, nikiwa mkosaji wa kwanza. Ila nimeona jinsi sisi tulioletwa mji huu na vita, masomo au ndoa tulivyobeba desturi zetu za msiba karibu zote. Michango tunakusanya, pilau tunapika, mikeka tunaitandika kwenye vyumba ambavyo mwenye nyumba hakuvijenga kwa ajili ya watu arobaini. Tulichokiacha ni kile cha mwanzo: kuketi na kuchagua nani aende. Zamani mleta habari alitumwa. Siku hizi sote tunaondoka kwa pamoja, kwa kidole gumba, kila mmoja akiogopa kufika nyuma ya jirani, na mwenye msiba anakuta salamu za pole kabla hajaijua pole yenyewe ni ya nini.

Nilifika saa sita kasoro dakika kumi, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mama alifungua mlango akiwa na kijiko mkononi. Alinitazama usoni, kisha akalitazama koti langu nililolifunga vifungo kombo, na nadhani alijua hapo hapo, maana hakuna anayemtembelea mtu kazini Berchem adhuhuri bila kupiga simu. Nilifungua mdomo.

"Usiseme," akanikatisha. "Huyu bibi hajamaliza supu."

Nikamwambia ni jambo la haraka.

"Haraka ya nani? Kaa."

Alinionyesha kiti cha jikoni, nikakaa. Alimlisha bibi kijiko baada ya kijiko, akimfuta kidevu, akimwambia maneno madogo ya Kifaransa ya kumtia moyo. Saa ya ukutani ikafika sita. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu, ikatulia, ikatetemeka tena. Ya kwake, iliyokuwa juu ya friji, nayo ikaanza, mpaka ikawa inasogea yenyewe kuelekea ukingoni. Niliinuka niizuie. Bila kugeuka akaniambia niiache. Kule Uingereza walikuwa wameshatangaza, kundi limeshalia na kufariji, na mimi niliyevuka mji mzima kumwahi kabla ya saa sita nilikuwa nimekaa na mikono magotini, nikisikiliza supu ikimezwa. Alipomaliza aliosha bakuli, akakausha mikono, akafunga mlango wa sebuleni, akaketi mbele yangu na kuuvuta mtandio vizuri.

"Haya. Sasa sema."

Nikasema. Nilimpa saa, hospitali, sababu, na kwamba mtoto wa marehemu ametaka yeye aambiwe na mtu uso kwa uso. Alitamka innalillahi, akalia bila sauti, na alipotulia aliniuliza swali moja.

"Alikuwa peke yake?"

Nilikuwa na kila kitu isipokuwa hilo. Miaka thelathini ya kuuliza nani, lini na wapi, na sikuwa nimemuuliza mtoto wake. Nikampigia pale pale. Akasema ndiyo, muuguzi alikuwa ametoka kwenda chumba cha pili. Mama alikuwa akinitazama mdomo, akisubiri. Ilinijia kwamba hakuna mtu duniani ambaye angenigundua kama ningesema muuguzi alikuwepo. Nikamtafsiria kama ilivyo.

"Afadhali nimeuliza," akasema, akaninyooshea kikombe nijaze maji.

Kwa miaka minne nilikuwa nikiamini kwamba kosa langu lilikuwa la saa, kwamba nilisema mapema mno na dawa yake ni kuwahi mlangoni kabla ya redio. Mzee aliposema habari ile haikuwa tayari, nilidhani anazungumzia ratiba. Jikoni Berchem ndipo nilipoona kwamba mwenye msiba ndiye anayeifungua habari, kwa wakati wake, na akishaifungua anaanza kuuliza. Na kama aliyeileta ameshaondoka kwenda kuitangaza kwingine, maswali yale yanabaki na mwenye msiba maisha yake yote. Redio haiwezi kuulizwa, wala kundi la simu. Anayekubali kupeleka habari ya kifo na apeleke pia muda wa kukaa. Mimi nilikaa mpaka saa kumi. Aliniuliza maswali sita, na matatu kati ya hayo bado nayatafutia majibu.